Watoto wa Patongo katika sinema: tuone ngoma yao kabla ya vidonda vyao



Mara nyingi wageni hufika katika paroki zetu za mashariki wakiwa na kamera. Huomba kuwaona vijana wanaoimba, wanaocheza ngoma, wanaofanya mchezo wa kuigiza. Ngoma ikiisha, huomba jambo la pili: waletewe mtoto mmoja aliyeona vita, awasimulie. Nasi twafanya nini? Twamwita mtoto, twampa kiti, na sisi wenyewe twasimama kando.

Ili tujue namna ya kuwajibu wageni hao, yafaa tutazame kwa makini sinema moja iliyopigwa kwa jirani zetu wa Uganda. Jina lake ni War/Dance, maana yake Vita na Ngoma. Waliitengeneza Wamarekani wawili, mume na mke, Sean Fine na Andrea Nix Fine, ikatolewa mwaka 2007. Mwaka huohuo watengenezaji wake walipewa tuzo katika tamasha la Sundance, na mwaka 2008 ilikuwa mojawapo ya sinema 5 zilizoshindania Oscar kati ya sinema za mambo ya kweli. Si sinema ya juzi, lakini wageni wengi wanaokuja kwetu wangali wakifuata mfano wake, hata kama hawaijui.

Habari yake ni hii. Patongo ni mji mdogo katika inchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Mwaka 2005 palikuwa kambi kubwa ya watu waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya waasi wa Joseph Kony, wale wanaoitwa LRA. Katika siku zile watu zaidi ya milioni moja na nusu wa kaskazini walikuwa wakiishi katika makambi. Maelfu ya watoto walitekwa porini, wakafanywa wachukuzi, askari, ao wake za watu. Katika kambi hiyo palikuwa na shule ya msingi, na shule hiyo ilipata nafasi ya kwenda Kampala kwa mashindano ya muziki ya shule za msingi za inchi nzima. Sinema yawafuata watoto watatu: msichana mwimbaji, msichana mchezaji wa ngoma, na mvulana mpiga marimba. Sinema yawataja kwa majina. Sisi hatutawataja, kwa kuwa walikuwa watoto wa miaka 13 na 14.

Tuanze na sifa, maana sinema hii inazo. Twawaona watoto wakijifunza. Twamwona mvulana ameinama juu ya marimba yake, mikono inakwenda mbio, na uso wake ni wa mtu anayefanya kazi aipendayo. Twawaona wakijifunza bwola. Bwola ni ngoma ya heshima ya Waacholi, ambayo desturi yake ni kuchezwa mbele ya rwot, yaani mtemi. Wanaume hushika ngoma ndogo mkononi, wachezaji huzunguka duara, na miguu ya wengi hukanyaga kama mguu mmoja. Mtoto aliyezaliwa kambini hakuiona bwola kwa mtemi. Hakuona hata shamba la babu yake. Kwa hiyo mazoezi yale si mchezo wa kupitisha wakati. Kila hatua wanayojifunza yawarudishia sehemu ya urithi ambao vita viliwanyang'anya wazee wao.

Kisha yaja siku ya Kampala. Watoto wanapanda jukwaani katika jumba la Taifa la michezo ya kuigiza, wanacheza bwola, na mwisho wanatangazwa washindi wa ngoma ya asili. Mpiga marimba naye apata tuzo yake. Tuliitazama sinema hii katika chumba cha paroki pamoja na vijana wa kwaya. Walipofika hapo, vijana wetu waliacha kukaa. Walipiga makofi kwa mapigo ya ngoma, na mmoja wao, mpiga ngoma wa Misa ya Jumapili, alisema: «Wale wanajua kazi.» Hakusema: «Maskini wale.» Neno lake lilikuwa sifa kubwa kuliko tuzo za Marekani.

Lakini sasa hatuna budi kusema lililotusumbua.

Katika sehemu nyingi za sinema, mtoto anawekwa mbele ya kamera, uso wake unajaza ukuta mzima, naye anaeleza jambo baya kuliko yote yaliyompata. Msichana mmoja aeleza namna alivyowaona wazazi wake wamekufa. Maneno yake hatutayaandika hapa. Wa pili anakwenda na mama yake kwenye kaburi la baba yake, anaanguka chini na kulia, na kamera haiondoki. Mvulana anatoboa siri ya mambo aliyolazimishwa kufanya alipokuwa mikononi mwa waasi. Na nyuma yao anga ni zuri, majani yanang'aa, jua linatua polepole. Kila picha imepambwa.

Twauliza: siri hii ilikuwa mali ya nani? Ilikuwa ya mtoto. Angeweza kumwambia mama yake, ao mzee wa ukoo, ao padri, siku aliyoichagua mwenyewe. Sisi twajua ya kuwa neno zito linahitaji sikio linalolinda. Kamera hailindi, kazi yake ni kupeleka. Siri iliyosemwa Patongo ilisikiwa na watu ambao mtoto hatawaona kamwe, nayo haiwezi kuitwa irudi. Mtoto wa miaka 14 anaweza kukubali leo. Je, atakapokuwa mtu mzima wa miaka 30, mwenye mke na watoto, atakubali bado? Hatusemi ya kuwa watengenezaji walikuwa na nia mbaya. Twaona wazi ya kuwa waliwapenda watoto wale. Twasema tu ya kuwa kumpenda mtoto hakutoshi, lazima pia kumwachia mlango wa kufunga.

Kosa la pili ni gumu kuliona, nasi tulionyeshwa na kijana mmoja wa kwaya. Sinema ilipokwisha aliuliza: «Na wale watoto wengine wa Kampala, walisema nini?» Wote tulinyamaza. Kweli, hawakusema karibu neno.

Na hapo ndipo palipokuwa kiini cha habari yote. Mashindano yale huwakusanya watoto wa pande zote za Uganda. Mtoto wa kaskazini asikia marimba ya Wasoga na ngoma za Waganda. Mtoto wa kusini aiona bwola. Kwa miaka mingi watu wa kusini walisikia habari za Waacholi kwa njia ya vita tu, na wengine walimdhania kila mtu wa kaskazini kuwa mwasi. Watoto wa Patongo walilijua jambo hilo, na sinema yenyewe yaonyesha hofu yao ya kudharauliwa. Basi tungependa kujua: mtoto wa kusini aliyekaa pale akiitazama bwola, aliona nini? Baada ya ngoma alimkaribia mwenzake? Walionyeshana namna ya kushika fimbo za marimba? Walikula pamoja, ao kila shule ilikaa peke yake? Hatujui. Watoto wa kusini wako katika sinema kama washindani tu, watu wa kushindwa. Walioiandika habari walikuwa na mkutano mkubwa wa vijana mbele yao, wakachagua kuandika habari ya kombe.

Wengine watatujibu ya kuwa jambo hilo haliwezekani, na ya kuwa watazamaji hawataki kuona mazungumzo. Lakini liliwezekana mahali pengine. Mwaka 1999, katika mji wa Weimar, Ujerumani, mpiga piano Daniel Barenboim, Mwisraeli, na mwandishi Edward Said, Mpalestina, waliwaita vijana wapiga muziki kutoka Israeli na kutoka inchi za Waarabu, wapige pamoja katika okestra moja. Waliiita West-Eastern Divan. Mwaka 2005 Paul Smaczny alitoa sinema juu ya okestra hiyo, jina lake Knowledge Is the Beginning, maana yake Maarifa ndiyo mwanzo. Ndani yake vijana wanabishana. Wanasema wazi yale wanayofundishwa nyumbani kwao juu ya wengine. Hawapatani katika kila jambo. Kisha wanarudi kwenye viti, na kwa kuwa wapiga fidla wawili husoma karatasi moja ya muziki, yule waliyebishana ndiye anayekaa karibu. Tarehe 21 Agosti 2005 walipiga muziki Ramallah, mji wa Wapalestina. Na ili wafike huko serikali ya Hispania iliwapa pasipoti za kidiplomasia.

Hatutaki kudanganya mtu. Okestra ile haikuondoa vita. Vita vilikuja Lebanoni mwaka 2006, vikaja Gaza mara nyingi, na vile vilivyoanza Oktoba 2023 vimeua watu wengi kupita vyote vilivyotangulia huko. Tena vijana wale walikuwa wanamuziki waliokwisha kufundishwa, wala hawakutoka katika kambi yenye njaa kama Patongo. Lakini anayeitazama sinema yao anabaki na ushuhuda mmoja: ameona watu wa pande mbili wakisikilizana, na jinsi ilivyo vigumu. Anayeitazama sinema ya Patongo anabaki na machozi na furaha ya ushindi. Machozi hukauka upesi.

Tena wengine watasema: bila kuonyesha vidonda, nani atatoa msaada? Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau. Watu wengi wa mbali walisikia habari za Waacholi kwa sababu ya sinema hii. Lakini sisi wa Kongo tunayo sababu ya kuuliza zaidi. Mnamo mwaka 2005 waasi haohao walivuka mpaka wakaingia pori la Garamba. Ndugu zetu wa Uele waliwaita Tongo-Tongo. Septemba 2008 waliteka wanafunzi wengi huko Duru. Siku ya Noeli ya mwaka huohuo waliwashambulia watu wa Faradje wakiwa katika sikukuu yao. Wakati ule sinema ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia na kupata tuzo zake. Huruma ya watazamaji haikuwafuata Tongo-Tongo hadi Faradje. Kwa hiyo tusikubali kirahisi tukiambiwa ya kuwa mtoto lazima auze siri yake ili wote waokolewe.

Basi tufanye nini? Wakija wenye kamera tusiwafukuze. Kumbukumbu ni jambo jema, na vijana wetu wana haki ya kuonwa wakifanya kazi nzuri. Lakini mwalimu, katekista na wazazi wawe na maneno ya kusema kabla ya kamera kufunguliwa. Waseme: karibuni, pigeni picha za mazoezi, maana huko ndiko kazi iliko. Pigeni picha za fundi anayekaza ngozi ya ngoma na za bibi anayesahihisha maneno ya wimbo. Kama vijana wa vijiji viwili vilivyogombana wamekutana kucheza, wasikilizeni wa upande huu na wa upande ule. Mtoto akitaka kusema juu ya vita, mtu wa kwake akae karibu naye, na akisema basi, iwe basi. Na sinema ikiisha, nakala yake irudi hapa, wenyewe waione kwanza.

Wala tusiwangojee wageni. Huko Goma, tangu mwaka 2014, Tamasha la Amani liliwakutanisha waimbaji na wachezaji wa inchi za Maziwa Makuu. Januari 2025 vita viliuingia tena mji ule. Wachezaji wametawanyika, na ngoma nyingi zilizochezwa huko zimebaki vichwani mwa watu tu. Paroki haikosi daftari na kalamu. Kwaya mbili zikikutana, mtu mmoja aandike: tarehe, mahali, jina la ngoma, aliyeifundisha, maneno ya wimbo, nani alimfundisha nani hatua gani. Aandike pia walipokosana na walivyorudiana. Daftari hilo halitapata tuzo Marekani, lakini mtoto wa leo atakapokuwa mzee ataweza kulisoma bila haya.

Itazameni sinema ya Patongo mkiipata, pamoja na vijana wenu, si watoto wadogo. Tazameni hasa bwola, na mikono ya yule mpiga marimba. Na ikiisha, waulizeni vijana swali la yule kijana wa kwaya: wale wengine walisema nini?