Chupa Iliyongoja Siku

Kwa miaka 15 chupa ile ilisimama kwenye kabati la vioo sebuleni kwetu Dodoma, kati ya vikombe vya wageni na picha ya harusi. Baba alipewa zawadi mwaka 2004, nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu. Ilikuwa divai nyekundu ya hapa hapa nyumbani. Hakuifungua. Nilipohitimu alisema tungoje. Dada yangu alipoolewa alisema tungoje. "Mvinyo ukikaa ndipo unakuwa mvinyo," alituambia, nasi tuliamini, kwa sababu kila mtu anaamini hivyo.

Baba alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini mama aliitoa kabatini akaiweka mezani. "Baba yenu alikuwa anaingojea siku," alisema. "Basi siku ndiyo hii." Kizibo kilikatika vipande viwili. Kilichomiminika kilikuwa na rangi ya chai iliyolala na harufu ya siki. Kila mmoja alimeza funda moja kwa heshima, na hakuna aliyesema kitu.

Tangu siku hiyo nawasoma wahakiki wa mvinyo kwa jicho la mtu anayedai. Dai langu ni hili: wametufundisha kuuheshimu umri wa mvinyo kabla ya kutufundisha kuuonja.

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii: ukakasi. Ni ile hali ya ulimi kukauka na kukazana unapotafuna ndizi mbichi au bibo la korosho. Katika mvinyo mwekundu ukakasi hutoka hasa kwenye maganda na mbegu za zabibu. Chupa ikilazwa gizani, mahali penye ubaridi wa nyuzi 12 hadi 14, chembe za ukakasi huungana polepole, huwa nzito, na baadhi hushuka chini kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo wa zamani hulainika. Lakini lazima kwanza uwe na ukakasi wa kutosha, na uchachu wa kuulinda. Ukikosa hivyo, miaka haiongezi kitu, inapunguza tu. Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Wa baba ulikuwa wa aina hiyo, na ulisimama wima hadi kizibo kikakauka na kupitisha hewa, katika sebule yenye joto la Oktoba.

Sisemi umri ni uongo. Mwaka 2016, mezani kwa rafiki yangu Madrid, nilionja Rioja ya mwaka 1994. Rangi yake ilikuwa ya tofali, harufu ya ganda kavu la chungwa, ngozi na tumbaku. Ukakasi ulikuwa umebaki kidogo sana, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Ulikuwa mvinyo mkubwa. Lakini baada ya nusu saa harufu ilikuwa imekwisha katika bilauri, na niligundua kuwa muda wote huo hakuna aliyecheka. Tulikaa kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa mwenye cheo.

Umri hutumika pia kama ngao. Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo Paris, aliwaonjesha waamuzi tisa wa Kifaransa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha majina. Kwa mvinyo mwekundu, Stag's Leap ya 1973 ilishika nafasi ya kwanza, mbele ya Mouton-Rothschild ya 1970. Watetezi wa Bordeaux walijibu kwamba wao wangojewe, mvinyo wao unahitaji miaka. Uonjaji uliporudiwa mwaka 2006, nafasi tano za juu zilikwenda California, na ya kwanza ilikuwa Ridge Monte Bello ya 1971. Sidai kwamba California ni bora. Nasema neno "ngojeni" lilitumika kukwepa kile ambacho waamuzi walikuwa tayari wamekionja.

Turudi nyumbani. Mizabibu ya Dodoma haipati majira ya baridi ya kuilaza, ndiyo maana huvunwa mara mbili kwa mwaka. Jua hupandisha sukari haraka na kushusha uchachu, kwa hiyo baadhi ya mvinyo wetu huwa mzito, na mwingine hutiwa utamu hadi zabibu yenyewe isisikike. Hayo ni makosa, na mhakiki ayataje. Lakini kutoweza kukaa miaka 20 si kosa. Ni kama kumlaumu mwimbaji wa ngoma ya mavuno kwa kuwa hakutunga utenzi.

Mwezi uliopita nilinunua chupa ya zabibu za Makutupora, nyekundu, isiyo na sukari, changa. Niliiweka kwenye friji nusu saa, jambo ambalo wajuaji hunikemea, nikaipeleka kwa mama pamoja na mbuzi wa kuchoma. Ilinukia zambarau zilizoiva. Ukakasi wake ulikuwa mfupi, wa kusafisha mafuta ya nyama na kuondoka. Haina safari ndefu: ukimeza, imekwisha, na mkono unarudi kwenye chupa. Kwa mvinyo wa kila siku sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Kwenye harusi ya Kana, ambayo kila Mkristo wa kwetu anaijua, mvinyo uliosifiwa kuliko wote ulikuwa na umri wa dakika chache. Mkuu wa meza hakuuliza ni wa mwaka gani. Alionja.

Mama si mnywaji. Alimaliza bilauri yake, akaisogeza mbele tena. "Hii baba yenu angeipenda," alisema. Kisha, akilitazama kabati, "Na ile nayo ilikuwa hivi hivi, siku anapewa."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimmiminia.