Ua Ambao Mbuzi Haugusi

Mmea usioliwa hutafutwa kwa kumtazama mnyama kwanza. Huo ndio msingi wa ustadi wa kupanda ua hai, ambao wakulima wa Afrika Mashariki waliutumia kulinda maharage, mihogo na maua ya nyumbani kabla seng'enge haijafika madukani. Mnyama wa kutazamwa ni yule anayekula kwa kuchagua. Ng'ombe huzoa majani kwa ulimi. Mbuzi hunusa, huonja, huacha. Pongo naye, anayetoka msituni usiku na kuingia mashamba ya kando ya misitu ya milimani, hula vivyo hivyo: chipukizi, jani changa la kunde, waridi lililochanua jana. Asubuhi mwenye bustani hukuta vikonyo.

Mpandaji hodari alichagua mimea yake wakati wa kiangazi. Msimu wa mvua hauna la kumfundisha mtu, kwa maana kila mnyama ameshiba na anaweza kubagua. Mwezi wa Oktoba, nyasi zikiwa zimeisha na mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma kufikia matawi, kichaka kilichobaki na majani yake yote kilikuwa kimejieleza. Mtu alikata tawi la kichaka hicho akaenda nalo nyumbani. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Yalikaa machoni mwa wachungaji, wengi wao watoto.

Mimea hujilinda kwa uchungu, kwa miiba, kwa harufu na kwa utomvu. Uchungu ndio ngao dhaifu kuliko zote: mwarobaini ni mchungu kupindukia, na bado mbuzi huula. Miiba humchelewesha mlaji bila kumzuia, kwani digidigi ana mdomo mwembamba unaopita katikati ya miiba na kuchuma jani mojamoja. Kwa hiyo michongoma, na kayaba inayopendwa sana katika nyanda za juu za Kenya, hufaa kuzuia mwili wa mnyama usipite. Isitegemewe kuzuia mdomo.

Utomvu ni jambo jingine, na hapo ndipo minyaa ilipopata heshima yake. Wamaasai huuita mmea huu kwa jina ambalo husemwa kuwa ndilo asili ya jina la Ziwa Manyara. Hauna majani ya kutajika. Ni vijiti vya kijani, vya mviringo, vimepandana hadi kuziba mwanga, na kiangazi kinapogeuza kila kitu kuwa rangi ya vumbi mmea wenyewe hubaki kijani vilevile. Mbuzi mwenye njaa huupita. Katika wanyama wakubwa, faru mweusi ndiye anayejulikana kwa kula mimea ya jamii hiyo, na faru hayumo katika hesabu za mwenye bustani.

Kuupanda mnyaa kulikuwa na utaratibu wake. Matawi yalikatwa mvua zikikaribia, yakalazwa kivulini siku kadhaa mpaka vidonda vifunge, kwani tawi linalofukiwa likiwa bado linavuja huoza. Kisha yalichomekwa yakiwa yamesongamana. Wakati wa kukata, mtu aliugeuzia upepo mgongo. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Utomvu wa mnyaa huchoma ngozi, na ukiingia jichoni huweza kumnyima mtu kuona kwa siku kadhaa. Dawa ya kwanza ni maji mengi safi bila kusugua, kisha hospitali. Watafiti wa saratani ya taya ya watoto, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, nao wameuchunguza mmea huu kama mojawapo ya vichocheo vinavyodhaniwa kuisaidia. Mahali pake ni mpakani, mbali na mahali watoto wanapochezea.

Huko Usukuma minyaa iliizunguka kaya nzima, watu na mifugo. Katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi zilipohamishiwa vijiji vipya, nyumba za udongo zilianguka kwa misimu michache na mvua zikasawazisha kuta. Ua haukuanguka. Katika mahame mengi, kitu pekee kilichoendelea kuonyesha kwamba hapa palikuwa kwa mtu ni ule mviringo wa kijani katikati ya pori, umelinda kwa uaminifu uwanja usio na mwenyewe. Aliyeupanda alikusudia kulinda kaya yake tu.

Mbono ulishika kazi hiyo kwingine. Uliletwa kutoka Amerika ya Kati, na Watanzania wengi huuita mbono kaburi kwa sababu ulipandwa kuzunguka makaburi. Mbegu zake ni sumu, mafuta yake hutumika kutengeneza sabuni. Katika miaka ya 2000 ulisifiwa kuwa chanzo cha mafuta ya magari, ukapandwa kwa mahekta; mavuno yakakatisha tamaa na mashamba mengi yakaachwa. Mmea uliokuwa mlinzi mzuri ulidharauliwa kwa kushindwa kazi ambayo haikuwa yake.

Kosa la kinyume ni lantana. Ililetwa kwa uzuri wa maua yake, mifugo huikwepa, na mnyama anayelazimishwa na njaa kuila huumia ini. Kwa kipimo cha kutoliwa ilifaulu mno: ndege hula matunda yake, hutawanya mbegu, na malisho mengi leo yamefunikwa nayo.

Ndani ya ua, harufu hutosha kusaidia. Rosmari, mchaichai, kivumbasi na vitunguu hupangwa upande anakotokea mnyama, mawaridi yakikaa nyuma yao. Hakuna mmea usioliwa kabisa mwaka wa ukame mkali, na mche uliotoka kitaluni juzi, laini na uliojaa maji, huonjwa hata kama mama yake haguswi. Siku hizi muuzaji wa miche hutaja bei na rangi ya maua. Akiulizwa mmea huo huliwa na nani, hana jibu, na wanunuzi hawamuulizi.

Ua hai hutaka mkono kila mwaka. Minyaa isiyopogolewa hukua ikawa miti, vijiti hukimbilia juu na shina hubaki tupu. Nyua nyingi za zamani zimefikia hapo pembezoni mwa miji: juu kivuli kinene cha kijani, chini mapengo yaliyozibwa kwa bati na mifuko ya saruji iliyochanika. Tawi moja lingechomekwa kabla ya mvua, lingeziba pengo. Mbuzi huinamisha kichwa, huingia.