Hatifungani ya Tanga: Deni Linalolipwa na Bomba

Hatifungani ya kijani ina ahadi mbili. Ya kwanza ni ya kila mkopo: riba italipwa kwa wakati na mtaji utarudi. Ya pili ni kwamba fedha zitaingia kwenye mradi unaohifadhi mazingira, na matumizi yake yatatolewa taarifa. Wengi huchunguza ahadi ya pili. Mimi naanza na ya kwanza, kwa kuuliza: nani atalipa, na atatoa wapi?

Afrika Mashariki imelijibu swali hilo kwa njia tatu. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ya Kenya ilikusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3 kujenga hosteli za wanafunzi jijini Nairobi. Mkopaji alikuwa mgeni sokoni, kwa hiyo GuarantCo, kampuni inayotoa dhamana za mikopo, ilisimama kuwa mdhamini wa nusu ya deni. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitafuta shilingi za Tanzania bilioni 40 kwa hatifungani yake ya miaka 5 na ikapata zaidi ya bilioni 171. Hapo mwekezaji aliiamini benki nzima, yenye mizania kubwa na wateja wengi. Mradi mmoja ukilegea, benki bado inalipa.

Njia ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo iliyopitiwa na Tanga. Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila baada ya miezi sita. Maombi yalifika bilioni 54.72, asilimia 103 ya lengo, na hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha zilikusudiwa kupanua huduma ya maji Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga.

Hii ni hatifungani ya mapato: deni linalipwa na ankara za maji. Aliyenunua kipande cha shilingi 500,000 anatarajia shilingi 33,750 kila nusu mwaka, na shilingi hizo zinatoka kwa mama wa Pangani aliyefungua bomba, akasomewa mita na kulipa. Mamlaka inakusanya shilingi na inadaiwa shilingi, hivyo dola ikipanda deni halivimbi. Huo ni ubora ambao mikopo mingi ya nje haina.

Lakini hesabu haina huruma. Riba peke yake ya bilioni 53.12 inazidi bilioni 7 kwa mwaka kabla mtaji haujaanza kupungua. Kila bomba linalovuja, kila mita mbovu na kila taasisi inayochelewesha bili ni pengo katika fedha za mwenye hatifungani. Bei ya maji nayo haipangwi na mamlaka ipendavyo. Lazima ipite kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kwa hiyo njia ya uhakika ya kulipa ni kuunganisha wateja wapya haraka na kuziba uvujaji.

Ukijani nao ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Maji ya jiji la Tanga hutoka bwawa la Mabayani, linalojazwa na mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Msitu ukifyekwa, tope hushuka bwawani, ujazo hupungua na gharama ya kusafisha maji hupanda. Ndiyo maana wakulima wa UWAMAKIZI, wanaohifadhi bonde la Zigi, wanalinda chanzo cha maji na chanzo cha riba kwa pamoja.

Mamlaka nyingine za maji sasa zinaitazama Tanga kwa matumaini. Ziitazame vizuri. Mwekezaji hununua vitabu vilivyokaguliwa, mita zinazosoma sawasawa na makusanyo yasiyoyumba. Mamlaka isiyojua maji yake yanapotelea wapi isikimbilie soko. Ianze na mabomba yake. Ikishajua, ije na kijani chake, na sisi wenye akiba ndogo tutaikopesha.