Swalahuddin wa Filamu na Swalahuddin wa Historia

Filamu ya Kingdom of Heaven ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2005, iliwafurahisha Waislamu wengi. Baada ya kuzoea kuonyeshwa kama watu wakali wasio na utu, walimwona Sultani Swalahuddin al-Ayyubi akiwa mtulivu, mwenye heshima na huruma. Furaha hiyo tunaielewa. Lakini maulamaa wetu wametufundisha kuuliza kuhusu kila habari: nani kaisimulia, na kaipokea kwa nani? Picha nayo ni habari, tena ni habari isiyotaja isnadi yake. Tutazame mambo matatu.

La kwanza ni kikombe. Baada ya vita vya Hittin (Julai 1187), filamu inamwonyesha Sultani akimpa mfalme Guy kinywaji baridi. Guy anampasia Reynald, Sultani anasema kuwa hakumpa yeye, kisha anamuua papo hapo. Mtazamaji anabaki na jicho kali na damu. Kadhi Bahauddin Ibn Shaddad, aliyeingia katika utumishi wa Sultani mwaka 1188 na kuandika sira yake, amelieleza tukio hilo kwa ukamilifu. Ilikuwa desturi njema ya Waarabu kwamba mateka akila au kunywa cha aliyemteka, amepata amani ya nafsi yake. Sultani alikuwa akibainisha kuwa amani hiyo hakuitoa. Kisha akamkumbusha Reynald maovu yake, ambaye alivunja mkataba na kuushambulia msafara. Akamtaka asilimu, na alipokataa ndipo akampiga kwa upanga. Jambo lililokwenda kwa hatua, filamu imeligeuza kuwa hasira ya dakika moja.

La pili ni kutoka kwa watu wa al-Quds. Katika filamu Sultani anamruhusu kila mtu aondoke salama, na umati unaonekana ukitoka. Ukweli ni kwamba mji ulisalimishwa tarehe 27 Rajab 583 (2 Oktoba 1187) kwa mkataba wa fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, katika muda wa siku 40. Wengi waliachiwa bila malipo, wakiwemo watu 1,000 ambao al-Adil, nduguye Sultani, aliwaomba kisha akawaacha huru. Lakini maelfu waliokosa fidia walichukuliwa utumwani. Huruma ilikuwepo, na ilizidi mno yale waliyoyafanya Wapiganaji wa Msalaba mwaka 1099. Hata hivyo ilikuwa huruma ndani ya hukumu za mateka.

La tatu ni msalaba. Sultani wa filamu anauokota msalaba ulioanguka sakafuni na kuusimamisha mezani. Ni picha nzuri, na ndiyo inayokumbukwa kuliko zote. Lakini Ibn al-Athir anaeleza kuwa msalaba mkubwa wa dhahabu uliokuwa juu ya Kuba ya Mwamba uliteremshwa siku ile huku Waislamu wakipiga takbira.

Wala dosari hii si ya Magharibi peke yake. Mwaka 1963 Youssef Chahine wa Misri alitoa filamu ya al-Nasir Swalahuddin. Humo Sultani, aliyekuwa Mkurdi, amesimamishwa kama kiongozi wa Waarabu, na jina la filamu likamkumbusha mtazamaji Rais Gamal Abdel Nasser. Anaonyeshwa pia akienda hemani kumtibu Richard kwa mkono wake, ilhali wawili hao hawakukutana kamwe. Alichokifanya Sultani ni kumpelekea matunda na barafu alipougua.

Basi madhara yako wapi, ikiwa sifa zenyewe ni nzuri? Yako hapa: filamu zimeuchukua wema wa Swalahuddin zikaiacha sheria iliyouongoza. Kijana wa Kiislamu anaondoka akidhani mtu huyu alikuwa mwema kwa tabia yake tu, au mbaya zaidi, alikuwa mwema pale alipoiweka dini yake kando. Kumsifu mtu kwa asilolifanya si kumtendea haki.

Filamu zote mbili zinaishia kabla ya kifo chake mwaka 589 Hijria (1193). Ibn Shaddad anasema hazina yake ilikutwa na dirhamu 47 na kipande kimoja cha dhahabu. Mwenye kutaka kuijua sura ya kiongozi huyu aanzie hapo.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.