Jua, Chui na Neno Uchawi

Kiswahili kina mchawi na kina mganga, na baina ya wawili hao pana ukuta mrefu. Mganga hubishiwa hodi mchana, akapewa heshima yake na ujira wake. Mchawi hana mlango wa kubishiwa hodi. Hatajwi ila kwa kunong'ona, na siku atakayotajwa kwa sauti huwa amekwisha kuhukumiwa. Kiingereza cha vitabu vya vijana kimeubomoa ukuta huo. Tangu Harry Potter wa kwanza alipotoka mwaka 1997, na zaidi baada ya Twilight ya mwaka 2005 kufungua soko la mapenzi baina ya wanadamu na viumbe wa usiku, msichana mchawi amekuwa mwanafunzi mwenye siri, mwenye mpenzi na mwenye jukumu la kuuokoa ulimwengu kabla ya mitihani. Uchawi wake haumtishi mtu. Umekuwa pambo, au mfano wa ujana wenyewe: mwili unabadilika, wazazi hawaelewi, moyo unakwenda mbio.

Nnedi Okorafor ameandika ndani ya jinsi hiyo hiyo ya riwaya, na kwa mtazamo wa juu juu hakuvunja sharti lake hata moja. Akata Witch ilitoka mwaka 2011, ikafuatwa na Akata Warrior mwaka 2017 na Akata Woman mwaka 2022. Yumo msichana wa miaka kumi na miwili, Sunny Nwazue, anayegundua kuwa amerithi nguvu za bibi yake. Wamo marafiki watatu, Orlu, Chichi na Sasha; umo mji uliofichika usioingilika ila kwa daraja jembamba; yumo muuaji anayeteka watoto. Mapenzi nayo yamo, baina ya Sunny na Orlu, mapenzi ya haya yanayokwenda polepole kitabu hadi kitabu. Ila mwandishi huyu, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi Waigbo, ameiweka hadithi yake Aba, kusini mashariki ya Nigeria, na Sunny wake ni mtoto mwenye ualbino. Hapo ndipo msomaji wa pwani hii anapokaa kitako.

Hana budi. Tangu miaka ya 2006 na 2007 habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, khasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, zimekuwa doa lisilofutika. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Mei 2024 mtoto mdogo, hata miaka mitatu hajatimiza, alitekwa huko Muleba, mkoani Kagera, na zaidi ya wiki mbili baadaye akapatikana amekwisha kuuawa. Katika habari hizo zote mtu mwenye ualbino ni mtendwa. Anawindwa, anafichwa, anahurumiwa. Uchawi hutendwa juu yake, na hata huruma hutendwa juu yake. Okorafor ameigeuza sentensi. Mtoto anayetazamwa kwa jicho baya ndiye mtenda, na kile ambacho wengine wangekikata wakiuze yeye anakisomea.

Ugeuzaji huu umeanza na majina. Akata ni neno la dharau ambalo baadhi ya Wanigeria huwatupia Wamarekani weusi, na Sunny, aliyezaliwa New York akarejea Nigeria akiwa na miaka tisa, hutupiwa yeye. Neno la pili la anwani ni uchawi wenyewe. Mwandishi ameyaokota matusi mawili akayafanya kofia ya kitabu. Wachapishaji wa toleo la Nigeria, Cassava Republic, mwaka 2013 waliyaacha yote mawili na kukiita kitabu kwa kile alichokiona Sunny ndani ya moto wa mshumaa. Mwenye kutaka kuifasiri kazi hii kwa Kiswahili atakutana na kikwazo hicho hicho, tena kikubwa zaidi. Akiandika mchawi juu ya picha ya msichana mwenye ualbino, jalada litakuwa limemtuhumu kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa. Akiandika mganga atakuwa amesema uongo, kwani Sunny hamgangi mtu. Na ndani ya kitabu linamngoja neno zeruzeru, ambalo wenyewe wanaoitwa hivyo wamelikataa, lakini ambalo wanafunzi wenzake Sunny, lau wangekuwa wanasema Kiswahili, ndilo wangelomwita.

Ubora wa riwaya hizi, na unastahiki kusemwa kwa kituo, ni kwamba ndani yake nguvu ni elimu. Watu wa Chui, kama jamii ya Sunny inavyojiita, hawana fedha nyingine isipokuwa vipande vya chuma vinavyodondoka kutoka hewani pale mtu anapojifunza jambo; vya shaba nyekundu, ambavyo mtu asiyejua angevidharau, ndivyo vyenye thamani kubwa. Kipaji cha kila mmoja kimekaa pale pale wengine walipoona upungufu. Orlu, ambaye herufi humchanganyikia akisoma, ana uwezo wa kuifumua juju ya mtu mwingine. Chichi anaishi na mama yake katika kibanda kilichojaa vitabu, wala hakuna anayemhesabu kuwa maskini. Na uso wa siri wa Sunny, ule uliojificha nyuma ya uso wake wa kila siku, ni kinyago cha jua chenye miale iliyochongoka. Jina lake Anyanwu, yaani jicho la jua kwa Kiigbo. Mtoto anayekimbia jua analibeba jua usoni. Mshairi yeyote angeona fahari kuifikia tamathali hiyo, na Okorafor ameitia bila ya kuipigia tarumbeta.

Mpenzi wa ushairi atafurahia zaidi habari za nsibidi. Hii si hati ya kubuni. Ni alama za kale za watu wa eneo la Mto Cross, zilizotunzwa na chama cha siri cha Ekpe, ambacho jina lake lenyewe ni chui. Watumwa walizivusha bahari hadi Cuba. Katika riwaya, nsibidi haisomwi kwa macho peke yake. Inamsogelea msomaji, inamtaka mwili mzima, na Sunny akifunga kitabu huwa amechoka na ana njaa kama aliyetoka shamba. Wazee wa visiwani waliosoma tenzi katika hati za Kiarabu, pale herufi moja ilipobeba sauti mbili au tatu za Kiswahili, wangelifahamu jambo hili: msomaji alitakiwa awe nusu anajua anachokisoma kabla hajakisoma. Ni nadra kwa riwaya ya vijana kukufanya kusoma kuwe kazi yenye jasho, na kuiheshimu kazi hiyo.

Dosari zipo, na moja ni kubwa. Baada ya Sunny kuingizwa katika jamii ya Watu wa Chui, jua halimuunguzi tena. Mwavuli aliokuwa akitembea nao mchana unakosa kazi, naye anacheza mpira kweupe mbele ya umati. Kwa mwenye kusoma upesi, hiyo ni furaha. Kwa anayejua hali ilivyo, mwandishi ameuondoa mzigo uliokuwa wa kweli kuliko yote, maana saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino kwa utulivu, bila ya habari gazetini, na hospitali ya KCMC mjini Moshi haikuanza kutengeneza mafuta ya kuwakinga kwa sababu ya ndoto. Riwaya inayosema kuwa kipaji kimo ndani ya upungufu ilipaswa kuuacha upungufu mahali pake. Orlu hakuondolewa tatizo lake la herufi. Kwa nini Sunny aondolewe la jua?

Dosari ya pili iko katika fumbo la mauaji. Muuaji anaitwa Otokoto, jina linalobeba kumbukumbu ya Owerri mwaka 1996, pale kuuawa kwa mtoto mchuuzi katika hoteli yenye jina hilo kulipowasha ghasia mjini. Jina zito namna hiyo hudai hadithi nzito. Lakini wakubwa wa Watu wa Chui wanamjua mhalifu mapema, watoto wanaagizwa tu kwenda kupigana naye, na mapambano yanakwisha mbio mbio. Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa atanung'unika. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, aliuweka maiti penye mzimu, akauacha mji mzima uamini linaloaminika, kisha akaipa akili nafasi ya kutembea hatua kwa hatua mpaka ikatoka na mtu mwenye mkono wa damu. Okorafor anaamini mizimu, na hilo ni haki yake. Kilichokosekana ni upelelezi. Mzimu nao unaweza kupelelezwa.

Kitabu cha pili kimejisahihisha kuliko cha kwanza, na tuzo ya vijana kilichopewa mwaka 2018 sambamba na tuzo za Hugo haikuwa ya bure. Humo Sunny anatumia nguvu zake kumlipizia kaka yake kwa wahuni wa chuo kikuu, na kwa kuivunja siri anafungiwa chini ya maktaba pamoja na jini. Adhabu ile haina mzaha ndani yake. Baadaye anatenganishwa na Anyanwu, jambo ambalo kwa wenzake huwa ni kifo. Anabaki hai, akiinuka asubuhi kwenda shule na uso mmoja tu, akimwita mwenzake asiyeitikia, na Anyanwu anaporudi huja kwa hiari yake na kuondoka kwa hiari yake, kama mgeni mwenye nyumba nyingine.