Lita Ishirini za Maziwa Kwenye Kona

Gemu karibu zote za magari zinakufundisha kukanyaga. Ni chache mno zinazokufundisha kuachilia, na siku hizi napima gemu kwa hilo kwanza. Picha safi, injini inayonguruma, mvua inayotiririka kwenye kioo, hayo yote sawa. Lakini nikiletewa gemu mpya, natafuta kona moja ya kuteremka, niingie nikiwa nimefunga breki, halafu niirudishe breki polepole huku nikizungusha usukani. Nataka kusikia gari litasema nini hapo katikati.

Kwa wale ambao hawajawahi kulifikiria hili: mshiko wa tairi ni kama pesa ya wiki. Ukiimaliza yote kwa breki, hakuna iliyobaki ya kukata kona. Unapokanyaga breki, uzito wa gari unahamia mbele. Tairi za mbele zinagandamizwa kwenye lami na kushika zaidi, za nyuma zinabaki nyepesi. Kwa hivyo breki ya nguvu inatumika mapema, gari likiwa limenyooka. Ukianza kukata, unaipunguza kidogo kidogo, na kila unachokipunguza kinaenda kwa usukani. Ukiiachilia kwa mpigo, pua ya gari inainuka, tairi za mbele zinapoteza shinikizo, na gari linaenda moja kwa moja ndani ya majani chai. Ukikanyaga ghafla ukiwa tayari ndani ya kona, sehemu ya nyuma inaamua kukupita. Ndiyo hiyo tu. Inaelezeka kwa dakika mbili na inachukua miezi kuingia mguuni.

Gran Turismo ililielewa hili tangu mwanzo. Ilipotoka Japani mwaka 1997 haikukuachia magari makali hivi hivi. Ulitakiwa ufanye mitihani ya leseni, na mtihani wa kwanza wa leseni ya B ulikuwa jambo la aibu kwa watoto wenye haraka: ondoka, kisha usimame ndani ya eneo lililowekwa alama. Basi. Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 bado inaanza hivyo hivyo. Nawaheshimu kwa hilo. Gemu inayokuambia kwamba kusimama ni ujuzi, kabla hata hujaona kona, imekuchukulia kama mtu mzima.

Shida ni kwamba mwalimu huyo anabeba saa mkononi. Dhahabu, fedha, shaba, zote zinatolewa kwa sekunde. Mchezaji anagundua haraka kwamba dhahabu iko kwa yule anayechelewa zaidi kufunga breki, na kuanzia hapo anafukuza mita. Halafu kuna ule mstari wa rangi unaochorwa barabarani kwa wanaoanza, unaogeuka mwekundu pale unapotakiwa kufunga breki. Nimewaona vijana hapa Kericho mjini, kwenye vibanda vya gemu, wanaoijua Nürburgring kwa moyo, na ukiuzima ule mstari wanapotea kama mgeni usiku. Macho yao yalisoma rangi. Barabara yenyewe hayakuisoma: ile lami inayong'aa, mti ulioinama, mteremko unaozidi baada ya daraja.

Na kibandani tunacheza kwa padi, tusidanganyane. Breki yako ni kidole cha shahada kinachosafiri umbali mdogo kuliko ukucha. Padi ya PS5 angalau ina vitufe vinavyokaza, unahisi upinzani kidogo, na hiyo imesaidia kuliko watu wanavyokiri. Mwenye usukani na pedali ana bahati zaidi. Pedali nzuri za breki hupima nguvu unayosukuma nayo, hazijali sana mguu umeshuka umbali gani, na kuna sababu: mguu hukumbuka nguvu vizuri kuliko umbali. Lakini bei ya seti hiyo ni ng'ombe. Kwa hiyo tunaposema simuleta zinafundisha, tuulize pia zinamfundisha nani.

Sasa, Kenya yenyewe kwenye gemu. Tupo, tena tangu zamani. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na Kenya. WRC 9 ilituweka mwaka 2020, hata kabla Safari Rally haijarudi kwenye mashindano ya dunia kule Naivasha mwaka 2021, ile aliyoshinda Sébastien Ogier. EA Sports WRC ya 2023 nayo imetuweka. Kwa changarawe, hii ya mwisho ni mwalimu mkali: breki kwenye ardhi legevu inakulazimisha uanze mapema na uwe na subira, na ukiwa na papara unaona kosa lako mara moja.

Ila Kenya ya gemu ni ile ile kila mara. Vumbi, mbuga, jua. Nani amewahi kuunda saa tisa alasiri ya Kericho, mvua imenyesha, pengine na mawe yake, trekta limetoka shambani likaacha matope mekundu kwenye lami pale Brooke? Nani ameunda ukungu wa asubuhi? Barabara ya kutoka Kericho kwenda Bomet kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong ina kila somo la kona unalolitaka: za kupanda, za kushuka, zinazofunga pale ulipodhani zinafunguka, na zile ambazo majani chai yamekatwa sawasawa kiasi kwamba unadhani unaona mbali, kumbe unaona juu ya majani tu, barabara imejificha chini. Kwenye rali barabara imefungwa, na msaidizi wako anakusomea kila kona kabla hujafika. Hapa hakuna anayekusomea. Mbele ya kona kuna Probox yenye watu wanane, na nyuma yake lori la majani linalokimbilia kiwandani.

Gemu ambayo vijana wetu wengi wanaishika kweli ni nyingine kabisa: Bus Simulator Indonesia, ya simu, ya bure, iliyotoka mwaka 2017. Inakuruhusu kuvalisha basi rangi zako, na Wakenya walivamia. Ukiingia humo unaona nganya zimepakwa michoro ile ile unayoiona stejini. Naipenda kwa sababu imetuona. Kama mwalimu wa breki, hapana. Basi linasimama kama kabati lililosukumwa likagonga ukuta. Uzito hauhamii popote, ukiachilia breki ghafla hakuna kinachotokea. Yaani gemu pekee iliyojaa sura zetu ndiyo ambayo haina habari na miili yetu.

Hili silisemi kama mtu wa kuchambua magemu tu. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction, likagonga magari, wachuuzi na wapita njia, na zaidi ya watu 50 walikufa. Sitaki kulifanya tukio hilo kuwa mfano wa somo. Sababu zake ni za waliochunguza. Nasema tu kwamba baada ya hapo, mtu wa huku akisikia neno mteremko, haisikii kama mtu wa Naivasha anayengoja rali ipite.

Tena uzito na mwendo haviongezeki kwa adabu. Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile linaloenda 40, na breki lazima ziigeuze nguvu hiyo yote kuwa joto. Kwenye mteremko mrefu, dereva anayeegemea pedali muda wote anazipika breki zake mpaka zinachoka. Anayejua anashuka kwa gia ndogo na kuiacha injini ishike. Gemu za mashindano haziligusi hili, kwa sababu mashindano hayashuki milima na tani 30 mgongoni. Inayoligusa ni ile ambayo vijana wanaidharau kwamba inaleta usingizi: Euro Truck Simulator 2, ya mwaka 2012. Humo kuna breki ya injini, kuna mzigo unaoharibika ukigonga, kuna mlima ambao unapaswa kuufikiria kabla hujaufika juu. Ningetaka mtu kutoka Kapsoit ajifunzie kitu kimoja tu kwenye skrini, ningempa hiyo, anione mzee.

Lakini bado kuna kitu inakosa, na wako walioligundua kwingine. Kwenye Initial D, ile manga ya Shuichi Shigeno iliyoanza mwaka 1995, kijana anapeleka tofu usiku mlimani akiwa na kikombe cha maji ndani ya gari, na anatakiwa asimwage. Ndiyo somo zima la breki laini, bila saa. Na OMSI, gemu ya mabasi ya Berlin ya mwaka 2011, ina abiria wanaolalamika ukiendesha vibaya. Wajerumani wale wa kwenye skrini wamenifurahisha kuliko medali yoyote ya dhahabu.

Huku kwetu kikombe hicho kipo kila asubuhi. Nenda Silibwet, Bomet, uwaangalie watu wa boda wakipeleka maziwa: mitungi imefungwa nyuma, lita ishirini, pengine zaidi, zinayumba ndani hata pikipiki ikiwa imesimama. Maziwa hayasimami unaposimama wewe. Ukifunga breki kwa nguvu yanakuja mbele na kukusukuma, ukiachilia yanarudi nyuma na kuvuta, na kwenye kona yanataka kwenda kwao. Angalia mkono wa anayejua. Anagusa breki mapema kabisa, pale ambapo mgeni angesema bado, halafu vidole vinafunguka taratibu kadiri pikipiki inavyolala, mpaka katikati ya kona hakuna breki iliyobaki, na mtungi haujui kama kulikuwa na kona. Mwenye kipimo ni mama anayepokea pale kwenye kituo cha maziwa. Anafungua kifuniko, anachungulia, na kama shingo ya mtungi ina povu jingi anauliza, "Wewe kijana, ulikuwa unafukuzwa na nani?"

Gemu hiyo bado haijaundwa. Ina barabara tayari, ina hali ya hewa, ina mkaguzi mkali kuliko Gran Turismo yote. Kinachohitajika ni mtu wa kuandika hesabu ya maziwa yanayoyumba.