Jina na Mbebaji Wake: Matini katika Sanaa ya Lubaina Himid

Aghalabu maandishi ya kanga huhakikiwa kwa kunukuliwa na kuorodheshwa pamoja na methali. Mkabala huo una manufaa yake, lakini huacha nje sehemu kubwa ya maana. Kanga ina pindo, mji na jina. Na jina, ambalo ndilo maandishi yenyewe, halikamiliki pasipo mvaaji, mlengwa na tukio. Usemi ule ule huweza kuwa dua kwa mama mzazi na kijembe kwa mke mwenza.

Kazi za Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kukulia Uingereza, zinalidhihirisha suala hili. Baadhi ya michoro yake imefuata umbo la kanga, maandishi yakiwemo. Hata hivyo, kazi inayolichimbua zaidi suala la jina haina kanga. Naming the Money (2004) ni mkusanyiko wa sanamu bapa 100 za mbao, zenye kimo cha binadamu, zinazowakilisha Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani na wengineo. Mgongoni mwa kila sanamu mna maelezo mafupi kwenye karatasi ya hesabu: jina la asili, jina alilobandikwa na bwana, kazi ya zamani, kazi ya sasa, na faraja iliyosalia.

Hapa fani haitengani na maudhui. Karatasi ya hesabu humfanya mtu kuwa mali. Nafsi ya kwanza inayosema juu yake humrudishia utu. Aidha, anayesimama mbele ya sanamu huona mavazi na rangi tu. Ili asome hana budi kuzunguka nyuma, mahali ambapo jina la kanga nalo husomwa na aliyepitwa njiani.

Tofauti moja ni nzito. Mvaaji wa kanga hulichagua jina. Mtumwa alibandikwa lake. Isitoshe, sanamu haimjui jirani yake, na fumbo lisilo na mlengwa hupoteza makali. Himid ameliziba pengo hilo kwa kiasi: maelezo hayo husikika pia ukumbini kwa sauti iliyorekodiwa. Matini yake basi haikai sawasawa katika fasihi andishi wala simulizi, kama ambavyo kanga haijawahi kukaa. Mhakiki anayelinukuu jina na kumwacha mbebaji hurudia, pasipo kukusudia, kosa la yule mwandishi wa hesabu.